Sukari, saratani na sahani ya mama mdogo

"Huu una sukari," mama mdogo alisema, akausogeza uji pembeni kwa kidole kimoja.

Binti yake akamwambia ametia kijiko kimoja tu, cha kupunguza ukakasi wa ulezi.

"Hicho kimoja ndicho kinachoulisha ugonjwa."

Ilikuwa Jumapili asubuhi, Tanga, siku chache baada ya sindano yake ya kemo ya saratani ya matiti. Mezani palikuwa na uji, muhogo wa kuchemsha na ndizi mbivu. Hakugusa hata kimoja. Alitafuna vipande vya tango, akanywa glasi ya maji ya ndimu yaliyotiwa magadi. Pete yake ya ndoa alikuwa ameihamishia kidole cha kati, na hata huko ilikuwa inazunguka yenyewe kila alipoinua mkono.

Kisha akanipa simu nisikilize. Kwenye kundi la familia mtu alikuwa amerusha sauti ya mwanaume anayejiita daktari, hasemi wa wapi. Anaeleza kwamba Mjerumani mmoja, Otto Warburg, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1931 kwa kugundua kwamba saratani inaishi kwa sukari. Kwa hiyo, anasema, mgonjwa akiacha sukari na wanga wote, na akaiondoa tindikali kwenye damu yake, saratani itakufa kwa njaa. Hospitali zinalijua hilo, anasema, ila zimeamua kunyamaza.

"Si kweli, mwanangu?"

Nikashindwa kumjibu palepale. Ingekuwa uongo mtupu ningesema hapana na mazungumzo yakaendelea. Lakini Warburg alikuwepo. Tuzo aliipata, tena mwaka huohuo. Na seli za saratani kweli zina uchu wa sukari.

Nilirudi Dar na swali hilo. Wiki kadhaa nilikuwa nalo kwenye daladala, nalo ofisini, nalo kitandani.

## Warburg aliona nini

Warburg alifanya kazi Berlin. Katika miaka ya 1920 alikuwa akikata vipande vyembamba vya uvimbe, anavitia kwenye chupa zenye glukosi, kisha anapima gesi inayotumika na inayotoka. Seli ya kawaida ikiwa na oksijeni ya kutosha huichoma glukosi mpaka mwisho. Seli za uvimbe zilikuwa na oksijeni tele, na bado zilikuwa zinaichachusha glukosi na kutoa asidi ya laktiki, ileile inayoyafanya maziwa ya mgando yawe machachu.

Kwa hesabu ya nishati huo ni ufujaji. Molekuli moja ya glukosi ikichomwa kwa oksijeni huipa seli takriban molekuli 30 za nishati. Ikichachushwa, inatoa 2.

Tuzo ya 1931 alipewa kwa kazi nyingine, ya kimeng'enya kinachoiwezesha seli kupumua. Sauti ile imeunganisha mambo mawili, lakini hapo pangesameheka. Tatizo liko kwenye ile "kwa hiyo" inayofuata.

Warburg aliamini kwamba chanzo cha saratani ni kuharibika kwa upumuaji wa seli. Waliokuja baada yake waligundua kwamba seli nyingi za saratani zinapumua vizuri tu. Zinaifuja glukosi kwa sababu ya kazi iliyo mbele yao. Seli inayojigawa haitaki moto peke yake, inataka matofali, na glukosi inatoa kaboni ya kujengea mafuta, protini na DNA za seli mpya. Amri ya kujenga bila kusimama inatoka kwenye jeni zilizoharibika, na amri hiyo haifutiki kwa kuwa mtu kaacha kutia sukari kwenye uji.

Hospitali hazijanyamaza hata kidogo. Kipimo cha PET kimejengwa juu ya alichokiona Warburg: mgonjwa anachomwa sindano ya glukosi iliyofungwa na florini ya mionzi, analala kama saa moja, halafu mashine inaonyesha sukari imekusanyika wapi. Uvimbe unang'aa. Picha hizo husambazwa mitandaoni kama ushahidi kwamba saratani hula sukari.

Ukiitazama picha hiyo vizuri, ubongo nao unang'aa.

## Mwili hauachi sukari iishe

Ubongo una uzito wa kama asilimia 2 ya mwili, lakini unatumia karibu asilimia 20 ya nishati yote mtu akiwa ametulia. Unategemea glukosi, ndiyo maana mwili umejipanga kuhakikisha glukosi haikosekani kwenye damu. Usipokula wanga, ini linatoa akiba yake. Akiba ikiisha, ini linatengeneza glukosi mpya, na sehemu kubwa ya malighafi inatoka kwenye protini. Protini iliyo karibu zaidi ni ya misuli.

Nilipolielewa hilo nilikumbuka ile pete.

Mama mdogo hakuwa anaunyima uvimbe chakula. Sukari ya damu yake ilikuwa palepale, na mkono wake ndio uliokuwa unailipia. Isitoshe, uvimbe ukikosa glukosi unaweza kugeukia glutamini, ambayo ni asidi amino, na hata mafuta. Si mateka anayengoja sahani moja.

Kuhusu magadi sina mengi. Damu ya binadamu inakaa kati ya pH (kipimo cha tindikali) 7.35 na 7.45, na mapafu na figo vinairekebisha dakika kwa dakika. Ni kweli kwamba kuuzunguka uvimbe kuna tindikali, lakini tindikali hiyo inatolewa na uvimbe wenyewe. Glasi ya ndimu haifiki huko. Magadi yabaki kwenye makande.

Wapo watafiti makini wanaoifuatilia sukari kwa njia nyingine. Lewis Cantley, aliyegundua katika miaka ya 1980 kimeng'enya cha PI3K, kinachopitisha amri ya kukua ndani ya seli, alionyesha jinsi insulini inavyopita kwenye njia hiyohiyo ambayo saratani nyingi huiteka. Mwaka 2018 kundi lake lilitoa matokeo ya panya waliopewa dawa ya kuzuia PI3K. Dawa ilipandisha insulini, na insulini ikauamsha tena uvimbe. Walipowalisha panya chakula kisicho na wanga, insulini ikashuka na dawa ikafanya kazi vizuri zaidi. Hapo ningeweza kumpigia mama mdogo simu kumwambia aendelee. Lakini kwenye utafiti huohuo, panya wenye saratani ya damu waliopewa chakula hicho bila dawa, ugonjwa wao ulikwenda kasi zaidi.

Nilisoma sehemu hiyo mara mbili. Mlo uleule, mnyama mwenye saratani nyingine, matokeo kinyume. Ndiyo maana sitaki mlo wa mgonjwa utoke kwenye sauti ya mtu asiyejua mgonjwa ana saratani gani.

## Sindano iliyoahirishwa

Kliniki iliyofuata mama mdogo alirudishwa nyumbani. Damu ilikuwa chini, uzito umeshuka. Nesi alimweleza kwa upole kwamba kipimo cha dawa hukokotolewa kwa kimo na uzito, na kwamba mwili usipokuwa na nguvu ya kuihimili dawa, hawawezi kumpa.

Siwezi kudai kwamba matango ndiyo yaliyoishusha damu yake. Kemo yenyewe huishusha. Lakini ninachojua ni kwamba miongozo ya lishe ya wagonjwa wa saratani inasema kinyume kabisa cha ile sauti: ale ashibe, na apate protini gramu 1 hadi 1.5 kwa kila kilo ya mwili wake kwa siku. Kwa mtu wa kilo 50 hizo ni gramu 50 hadi 75. Yai moja lina kama gramu 6. Kikombe cha maharage yaliyoiva, kama 15. Ukianza kuhesabu hivyo unaona mgonjwa anayekula tango ana deni kubwa kiasi gani kila jioni.

Hakuna aliyekaa naye siku ya kwanza akamweleza haya. Aliyemweleza kwanza ni yule wa kwenye simu.

## Basi chakula hakihusiki?

Binamu yangu mmoja, baada ya kunisikia, alihitimisha haraka: basi haya yote ni bahati na mipango ya Mungu, mtu ale atakacho.

Hapo pia nilikwama, maana hilo nalo si kweli.

Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililoko Lyon, Ufaransa, ambalo liko chini ya Shirika la Afya Duniani, lilikusanya ushahidi wote mwaka 2016 na kuthibitisha kwamba unene uliopitiliza unaongeza hatari ya saratani za aina 13. Zimo za utumbo mpana, ini, kongosho, figo, mfuko wa nyongo, mji wa mimba, ovari, na matiti kwa wanawake waliokwisha kukoma hedhi. Mwili wenye mafuta mengi, hasa tumboni, unazoea kuwa na insulini nyingi kwa miaka mingi. Insulini si ya sukari tu. Ni homoni inayoziambia seli kuna chakula, kueni. Mafuta yenyewe nayo yana kimeng'enya kinachotengeneza estrojeni, na baada ya hedhi kukoma huko ndiko estrojeni nyingi ya mwanamke inakotoka. Juu ya hayo, mafuta hayo hutoa kemikali zinazoifanya kinga ya mwili ikae katika hali ya tahadhari wakati wote, pasipo kidonda wala homa.

Miaka kumi, ishirini, thelathini ya hali hiyo. Seli zinahimizwa kukua, zinajigawa zaidi, na kila kujigawa ni nafasi ya kunakili DNA vibaya.

Hapa ndipo nilipoanza kuona ile sauti imeharibu nini. Imechukua jambo linalojengeka kwa miongo, kabla mtu hajaugua, ikalibana kwenye wiki chache za mgonjwa aliyekwisha kuugua. Kupunguza soda na vitumbua ukiwa na miaka 30 ni jambo la maana sana. Kumnyima uji mwanamke wa miaka 46 aliye katikati ya kemo ni jambo jingine kabisa, ingawa yote mawili yanaitwa "kuacha sukari".

## Watu wa Loja

Kisa kilichonifungua macho zaidi kinatoka mbali, milima ya kusini mwa Ekuador, jimbo la Loja. Huko kuna koo zenye watu wafupi sana, waliozaliwa na kasoro ya jeni inayozifanya seli zao zisiisikie homoni ya ukuaji. Wanaitwa watu wenye sindromu ya Laron. Daktari wa huko, Jaime Guevara-Aguirre, aliwafuatilia kwa zaidi ya miaka 20, na mwaka 2011 yeye na wenzake wakachapisha walichokiona: katika watu 99, hakuna hata mmoja aliyekuwa na kisukari, na mmoja tu ndiye aliyepata saratani, nayo haikumuua. Ndugu zao wa kimo cha kawaida, wa vijiji hivyohivyo, waliugua kama watu wengine.

Wengi wa hawa wafupi ni wanene.

Hilo lilinishangaza mpaka nikaifunga kompyuta nikatoka nje kidogo. Wana mafuta, lakini miili yao haina ile sauti ya "kua, kua, kua". Kiwango chao cha IGF-1, homoni inayofuata amri ya homoni ya ukuaji na inayofanana sana na insulini, kiko chini kabisa. Mafuta peke yake hayakutosha kuwaletea saratani.

Tangu hapo namna yangu ya kuangalia kitambi imebadilika. Sikioni kama dhambi wala kama mali. Nakiona kama dalili ya ujumbe ambao mwili unautuma kwa seli zake kutwa kucha, na ujumbe huo una njia nyingi za kupunguzwa, hata kabla kilo hazijashuka.

## Kutoka Mulago hadi Moshi

Sisi wa Afrika Mashariki tumekuwa ndani ya hadithi hii tangu zamani. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland, alikuwa Hospitali ya Mulago, Kampala, alipoielezea mwaka 1958 saratani ya taya za watoto inayobeba jina lake hadi leo. Aliporudi Uingereza alianza kuuliza jambo jingine: mbona saratani ya utumbo mpana, iliyojaa huko kwao, aliiona kwa nadra hivyo Uganda? Mwaka 1971 aliandika kwamba jibu liko kwenye nyuzinyuzi za chakula. Watu wa vijijini walikula nafaka zisizokobolewa, maharage, ndizi, mihogo na majani. Wazungu walikula mkate mweupe na nyama.

Unaweza kumpinga kwamba wengi walikufa bila kupimwa, na kwamba watu hawakuishi muda mrefu. Ni hoja nzuri. Lakini mwaka 2015 kundi la Stephen O'Keefe wa Pittsburgh lilifanya jaribio ambalo Burkitt angelipenda. Wamarekani weusi 20 na Waafrika Kusini 20 wa vijijini walibadilishana vyakula kwa wiki mbili. Wamarekani walipandishwa kutoka gramu 14 za nyuzinyuzi kwa siku hadi 55. Waafrika walishushwa kutoka 66 hadi 12, na mafuta yakaongezwa.

Wiki mbili zilitosha. Bakteria wa tumbo huzichachusha nyuzinyuzi kuwa butireti, chakula kipenzi cha seli za ukuta wa utumbo mpana, na butireti huzituliza seli hizo. Kwa Wamarekani ilipanda mara mbili na nusu. Kwa Waafrika ilishuka kwa nusu, na ukuta wa utumbo wao ukaanza kuonyesha dalili za kuchokozwa.

Mwaka 2025 ikaja zamu ya Kilimanjaro. Watafiti wa Moshi na wenzao wa Uholanzi waliwachukua wanaume vijana 77, wa mjini na wa vijijini. Baadhi ya wa kijijini walipewa vyakula vya mjini kwa wiki mbili, mambo ya soseji, mkate mweupe na chips. Baadhi ya wa mjini wakarudishwa kwenye vyakula vya wazee. Waliohamia vyakula vya mjini, damu yao ilionyesha kinga iliyochokozwa. Waliorudi kwenye vyakula vya asili, kinga yao ilitulia, na wiki nne baadaye sehemu ya mabadiliko hayo ilikuwa bado inaonekana.

Kundi la tatu lilipewa mbege, pombe ya ndizi na ulezi, kwa wiki moja. Nao uchokozi wa kinga ulipungua.

Najua habari hiyo imepokelewaje vilabuni. Lakini utafiti ule ulipima protini za damu kwa muda mfupi, haukupima saratani. Pombe iko kwenye orodha ya Lyon ya visababishi vilivyothibitishwa tangu 1988. Mwili huigeuza kuwa asetaldehidi, ambayo huharibu DNA ikiwa bado mdomoni na kooni, na hatari inafika hadi ini, utumbo mpana na matiti. Ninachokichukua kutoka Moshi ni ulezi na ule uchachu. Togwa la ulezi linavyo vyote viwili, na halilewi.

## Swali la wageni

Wageni wakija kumwona mama mdogo, wakishamaliza pole na dua, kuna swali linakuja kwa sauti ya chini: kwani alikuwa anakula nini?

Nimelisikia mara nyingi mno.

Mama mdogo hakuwa mnene. Havuti, hanywi. Amelima bustani ya mchicha maisha yake yote. Alizaa wanne na akawanyonyesha wote, na tunajua kutokana na uchambuzi mkubwa wa mwaka 2002, uliojumlisha tafiti 47 kutoka nchi 30, kwamba kila miezi 12 ya kunyonyesha hupunguza hatari ya saratani ya matiti kwa asilimia 4.3. Alikuwa na miaka hiyo ya kutosha. Hata hadithi ya unene, kwa saratani ya matiti, inageuka kabla ya hedhi kukoma: wanawake wembamba wa umri huo hawako salama zaidi. Na huku kwetu wanawake wengi huugua wakiwa bado hawajafika au ndiyo kwanza wanafika miaka 50.

Shirika la Afya Duniani linasema asilimia 30 hadi 50 ya saratani zinaweza kuzuilika kwa tunayoyajua sasa. Namba hiyo inatajwa kila kongamano. Mimi sasa nasoma upande wake wa pili pia: nusu au zaidi hazina wa kumlaumu. Na hata ile nusu inayozuilika ni hesabu ya watu wengi kwa pamoja. Haimwambii mtu mmoja kwa nini yeye.

Niliogopa, wakati fulani, kuandika makala hii. Niliona kila ninachosema kuhusu insulini na kitambi kitabebwa na wageni hadi kwenye kitanda cha mtu, kitumike kama hukumu. Bado naogopa. Lakini kunyamaza kungewaacha wadogo zangu wa miaka 25, wanaokunywa soda kwa kila mlo na kupanda bodaboda hadi dukani pa jirani, bila kuambiwa kitu ambacho bado kinaweza kuwasaidia.

## Yaliyo karibu na mkono

Mengi yanayozuilika kwetu hayahusu sukari kabisa.

Chai, kwa mfano. Mwaka 2016 Lyon waliweka vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 kwenye kundi la vinavyoelekea kusababisha saratani ya umio, ile tunayoiita ya koo, na Afrika Mashariki ni moja ya sehemu za dunia zinazoumizwa sana nayo. Watafiti waliopima vikombe Kilimanjaro waliwakuta watu wanaanza kunywa chai ikiwa juu ya nyuzi 70. Chai ya maziwa hushika moto muda mrefu zaidi. Kungoja dakika chache hakuna gharama yoyote.

Mahindi na karanga zilizoota kuvu. Sumukuvu ya aflatoksini iliua watu 125 Kenya mwaka 2004, wengi wao Makueni na Kitui, na mwaka 2016 ikaua Dodoma na Manyara. Hao walikufa kwa sumu ya ghafla. Inayonitisha zaidi ni ile ndogo ya kila siku, inayokutana na virusi vya homa ya ini B kwenye ini la mtu mmoja na kuzidisha hatari maradufu kwa maradufu. Kukausha vizuri, kuchambua, kutupa yaliyobadilika rangi.

Na chanjo ya HPV, inayomkinga msichana na saratani ya mlango wa kizazi. Tanzania inaitoa nchi nzima tangu 2018, na tangu 2024 ni dozi moja tu; mwaka huo walichanjwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Hakuna mlo wowote duniani unaokaribia nguvu ya sindano hiyo.

## Kutembea Raskazone

Kuna jambo moja la mtindo wa maisha ambalo limeonyesha faida hata baada ya ugonjwa, nalo limenipa cha kumpelekea mama mdogo badala ya makatazo.

Mwaka 2025 yalitoka matokeo ya jaribio lililofanyika zaidi Kanada na Australia, kwa wagonjwa 889 wa saratani ya utumbo mpana waliokwisha kufanyiwa upasuaji na kumaliza kemo. Nusu walipewa kijitabu cha ushauri. Nusu walipewa mtu wa kuwasimamia mazoezi kwa miaka mitatu, na kwa wengi mazoezi yalikuwa kutembea kwa kasi. Baada ya miaka mitano, asilimia 80.3 ya waliosimamiwa walikuwa hai bila ugonjwa kurudi, dhidi ya 73.9 ya wenzao. Baada ya minane, waliokuwa hai walikuwa asilimia 90.3 dhidi ya 83.2.

Msuli unaofanya kazi huchota sukari kutoka kwenye damu bila kungoja insulini nyingi, na huenda hiyo ni sehemu ya maelezo. Lakini tazameni mpangilio: upasuaji kwanza, kemo ikaisha, ndipo mazoezi yakaongezwa. Hakuna aliyeacha dawa akaenda kutembea. Na wale walikuwa na saratani ya utumbo. Kwa matiti, jaribio kubwa la namna hiyo sijaliona, kwa hiyo sikumwahidi kitu.

Nilimwambia mama mdogo hivyohivyo, bila kupamba. Akaniuliza kama kutembea kunahitaji tumbo tupu. Nikamwambia hapana, kunahitaji tumbo lililokula.

Jioni hizi binti yake anamtoa taratibu kuelekea Raskazone, upepo wa bahari ukianza. Nyumbani amerudi kwenye uji, sasa unasagwa na karanga walizozichambua wenyewe, na mayai, na samaki. Bado anakataa soda. Hapo sina ugomvi naye hata kidogo.

## Karatasi moja

Nimefikiria sana kuhusu yule mwanaume wa kwenye sauti. Nina hasira naye, lakini nguvu yake tulimpa sisi. Alikuta nafasi tupu. Mgonjwa anatoka kliniki na tarehe ya sindano, majina ya dawa na hofu, na swali la kwanza atakaloulizwa jikoni ni leo tupike nini. Kama hana jibu, atalipokea la yeyote.

Kwa hiyo ombi langu, kwa wote mnaofanya kazi kwenye wadi na kliniki za saratani na mnaosoma hapa, ni dogo. Siku ya kwanza ya kemo, mpeni mgonjwa karatasi moja ya lishe. Iwe na vyakula vyetu: uji, dagaa, maharage, mayai, ndizi, mtindi. Iseme kwamba wanga hauruhusiwi kukatwa bila daktari kujua, na kwamba mwenye kisukari aulize kwanza, kwa kuwa hali yake ni tofauti. Iseme afanye nini mdomo ukiwa na vidonda, na akikosa hamu afanye nini. Iwe na namba ya simu ya mtu wa kumuuliza.

Na iandikwe kwa herufi kubwa, maana wengi wanaisoma bila miwani.